Mtoto Aliyeandikwa Hayupo

Mtoto alikuwa ameketi dawati la pili kutoka mlangoni, nywele zimesukwa, sare imenyooshwa kwa pasi ya makaa. Mwalimu wa darasa alimwona. Wenzake walimwona, na aliyeketi naye alikuwa hata amemkalia upindo wa sketi. Mwalimu mkuu alipopita dirishani, fimbo kwapani, naye alimwona na kumkazia macho. Lakini jina lake lilipoitwa hakusema "Nipo". Na kwa kuwa kanuni ya shule ile ilikuwa kwamba asiyeitika hakuja, mwalimu aliinamia daftari la mahudhurio akaandika: hayupo.

Aliandika hivyo siku hiyo na kesho yake, na wiki iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Mtoto anafika kabla ya kengele. Anafagia uwanja na wenzake, anapigwa jua mstarini na wenzake, anafanya hesabu na kuzipata. Kisha kila siku anarudi nyumbani akiwa hajafika shuleni. Hakuna chumvi hapa. Ziko ofisi nyingi duniani ambazo mtu husimama mbele ya meza, akiwa na mwili na jasho lake, akaambiwa hayupo. Huyu alianza kuambiwa mapema tu.

Mwalimu wa darasa hakuwa mtu mbaya. Watu wasio wabaya ndio wengi, na ndio wanaoandika "hayupo". Tena alijaribu. Alimwambia mtoto, "Jina lako likiitwa, gonga dawati mara moja, nitajua." Siku ya kwanza mtoto akagonga, ngo, na darasa zima likapiga makofi kwa furaha. Siku ya pili mwenye kigugumizi naye akaomba kugonga, na yule wa nyuma ambaye aibu humkausha mate kila asubuhi. Ikawa wanaitika kwa vidole, darasa limechangamka kama soko. Mwalimu mkuu akasikia kutoka ofisini.

"Hii ni shule au karakana?" aliuliza akiwa mlangoni. "Mtoto ana mdomo, autumie. Leo wanagonga, kesho watakujibu kwa miguu."

Kugonga kukaisha. Mwalimu wa darasa alikuwa bado hajathibitishwa kazini, akarudi kwenye daftari lake.

Jina lililoitwa pale lilikuwa la shuleni tu. Kambini, kwenye vyumba vya wafanyakazi wa machimbo ya mawe, mtoto huyu aliitwa Chiriku tangu alipojua kuunganisha maneno, kwa sababu hakuwa na nukta wala mkato. Aliamka akiongea. Aliongea na sufuria, na kuku wa jirani, na kivuli chake mwenyewe. Sasa mtu akimwita Chiriku, jina lilisikika kama anamsimanga.

* * *

Baba yake naye alikuwa na jina la kazini: Bendera. Machimboni kulikuwa na mashine ya kusaga mawe, krasha, inayomeza miamba juu na kutema kokoto chini, na mngurumo wake hauachi nafasi ya neno. Kwa hiyo watu wa pale walizungumza kwa mikono. Walikuwa na mkono wa "leta" na mkono wa "ngoja", wa "maji" na wa "mkubwa anakuja, jifanye unafanya kazi". Fundi anayeiendesha krasha alikaa ndani ya kibanda cha bati, haoni mdomo wa mashine wala mtu aliye karibu nayo. Alimwona Bendera tu, aliyesimama juu ya jukwaa. Bendera akipishanisha mikono juu ya kichwa, krasha inazimwa: mtu yumo. Akiishusha, inawashwa. Basi. Roho za watu zilikaa kwenye mabega ya mtu mmoja, na kampuni haikumwongeza hata glovu.

Mvua za mwaka ule, mdogo wake Bendera alifia mdomoni mwa krasha. Alikuwa ameingia na mtaimbo kung'oa jiwe lililokwama. Kampuni ikasema alikuwa amelewa, akaingia mashine ikiwa inatembea. Watu wakasema pole, wakachanga, wakazika. Chiriku alimwita marehemu Baba Mdogo. Jioni alikuwa hampi nafasi ya kunawa, keshampanda mabegani. Ni tangu wiki ile ya mazishi hajasema neno.

Kila mtu kambini alikuwa na dawa. Mama Jirani, wa chumba cha pili, alikuwa nazo kadhaa za kumpa mama yake Chiriku.

"Mlambishe asali na pilipili manga, shoga yangu. Wangu wa tatu alichelewa kusema, nikamlambisha. Leo natafuta dawa ya kumnyamazisha."

"Wako alichelewa. Huyu alikuwa anasema."

"Basi kadeka. Mtoto akionewa huruma sana ulimi unalala."

Mama yake Chiriku hakujibu. Yeye alikuwa mgonga kokoto, mmoja wa wanawake wanaokaa ukingoni mwa machimbo, kila mmoja na lundo lake na nyundo yake, wakivunja kwa mkono mawe yasiyofaa mashine. Kazi ile humfundisha mtu kutojibu. Jiwe nalo hujibu mara moja tu, likipasuka.

Jioni moja mtoto wa Mama Jirani alirudi na salamu kutoka shuleni: mwalimu mkuu anawaita wazazi wa Chiriku, mtoto wao hajahudhuria mwezi mzima.

Bendera alikuwa anavua viatu. Alibaki na kimoja mkononi.

"Asubuhi unakwenda wapi?" alimuuliza mtoto.

Mtoto akamtazama.

"Nakuuliza wewe. Mama yako anakusuka, anakupigia pasi, unatoka hapa na mkoba. Unakwenda wapi? Sema."

Chiriku akaanza kuinua mikono yake yote miwili. Kabla haijafika kichwani, baba yake alimpiga kofi. Halikuwa kofi la hasira ya shule. Lilikuwa la haraka, la mtu anayezima moto kabla haujaonekana na jirani. Mama yake, aliyekuwa mlangoni na ndoo, aliona kofi tu, na mikono iliyoinuka akadhani ni ya kujikinga.

"Unampigia nini?"

"Aseme."

"Kofi lina neno gani la kumpa?"

Bendera akavaa tena kiatu alichokwisha kukivua, akatoka nje. Hakuwa na pa kwenda.

* * *

Mama alikwenda shuleni peke yake. Bendera alisema kazini hawamruhusu. Mama alijifunga kanga yake iliyo mpya kuliko zote, lakini vumbi la mawe halina adabu, hukaa kwenye kope na kucha hata uoge vipi. Ofisini alivuta kiti.

"Hicho ni cha wageni," mwalimu mkuu alisema bila kuinua macho. "Kaa kwenye benchi."

Akakaa kwenye benchi, lililokuwa fupi kama la watoto, magoti yakamkaribia kidevu.

"Mama, mtoto wako hajahudhuria masomo mwezi mzima."

"Mwalimu, yule anayemwagilia maua pale nje si ndiye?"

Mwalimu mkuu akageuka dirishani. "Ndiye."

"Basi yupo."

"Yupo kwa macho. Kwa shule hayupo. Shule ina utaratibu wake, mama. Jina likiitwa, mtu anaitika."

"Mtoto ana msiba."

"Wote tuna misiba. Mimi nimezika baba mwaka huu, umewahi kuniona nimenyamaza?" Alisubiri kidogo, kama aliyesema jambo la hekima. "Na kama ingekuwa kunyamaza tu, tungevumilia. Ana jeuri. Ukimkazania, ukimwambia sema, anakufanyia hivi."

Akaweka kalamu chini. Akainua mikono yake miwili, mikono laini, ya mtu anayefuliwa mashati na mwingine, akaipishanisha juu ya kichwa, viganja vikitazama mbele.

Mama alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Miaka yote aliyogonga kokoto, mikono ikienda hivyo pale juu jukwaani, nyundo zote huku chini husimama, mwenye karai hulitua, na nyuso zote hugeukia upande mmoja. Mwili wake uliacha kupumua kama ulivyozoeshwa.

"Nani yumo?" alisema.

"Nini?"

"Shusha mikono, mwalimu. Tafadhali ishushe."

Mwalimu mkuu akashusha, akajifuta mabega kana kwamba amerushiwa kitu. "Hata wewe inakukera, unaona. Mimi kwa jeuri hiyo nilimchapa viganja. Siku mbili akaacha, ya tatu akarudia vilevile. Sasa Ijumaa kamati ya shule inakaa. Aje na wazazi wake wote wawili, atamke neno moja mbele ya kamati. Nipo. Akishindwa, jina linakatwa, nafasi wapo wanaoingoja."

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Nyapara wa machimbo, kwa sababu bati za shule zilinunuliwa na kampuni, na anayekuezekea nyumba huona ana haki ya kukuamulia usingizi.

* * *

Kutoka shuleni mama hakumpeleka mtoto nyumbani. Alimshika mkono wakaenda hadi kwenye lundo lake la mawe. Krasha ilikuwa imezimwa ifanyiwe matengenezo, wanawake wengine wamekwenda kula. Chiriku alikuwa hajakanyaga pale tangu msiba. Vidole vyake vilikaza ndani ya mkono wa mama, lakini akafuata.

Mwezi mzima mama alikuwa amemuuliza kwa mdomo. Alimuuliza akimsuka, alimuuliza akimwogesha, alimuuliza kwa kubembeleza na kwa kugomba. Leo hakuuliza. Alikaa chini, akampa nyundo ndogo, naye akachukua yake. Wakagonga. Mtoto mwanzoni aligonga kama anayebisha hodi. Kisha akagonga kwa mikono miwili. Kisha akagonga kwa mgongo na meno, vipande vinaruka, na mama hakumwambia polepole wala angalia macho. Alimfunika uso kwa pindo la kanga kila jiwe liliporuka, akamwacha agonge.

Alipochoka, mama aliweka nyundo chini. Akapishanisha mikono juu ya kichwa chake mwenyewe. Kisha akaishusha, akageuza kiganja kimoja juu, kama wanavyouliza watu wa machimbo: nani?

Chiriku alikitazama kile kiganja. Halafu akaanza kuokota mawe.

Mawili makubwa aliyaegemeza yakaacha ufa katikati: mdomo wa krasha. Jiwe jembamba refu akalitia ndani ya ufa: Baba Mdogo. Juu ya kopo akasimamisha jiwe moja. Hilo mama alilijua bila kuuliza, ni mtu wa jukwaani. Akatafuta jiwe la njano, akalikosa, akachukua ganda la chungwa lililotupwa, akalivika jiwe kama kofia. Nyapara peke yake ndiye aliyevaa kofia ya njano. Mwisho akaweka chini kabisa kokoto moja ndogo, yeye mwenyewe, na kando yake kifuniko cha soda: chakula cha mchana, alichokuwa akimpelekea baba yake.

Akavichezesha. Mtu wa jukwaani ameinua mikono. Chiriku aliinua yake mwenyewe kwa niaba yake. Kofia ya njano ikasogea mpaka karibu na kopo. Ikakaa. Mikono ikashuka. Na jiwe jembamba lilikuwa bado ndani.

Hapo Chiriku akasimama, miguu kila upande wa kokoto ile ndogo, akapishanisha mikono juu ya kichwa chake. Alisimama hivyo akitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alisimama mpaka mikono ikachoka. Kisha akaishusha, akachukua jiwe la jukwaani, akalisogeza mpaka kwenye kokoto ndogo, akaweka kidole chake midomoni. Shh.

Mama akadhani amemaliza. Mtoto akainama, akachukua nyundo. Hakuipiga kofia ya njano. Hakulipiga jiwe la baba yake. Aliipiga ile kokoto ndogo, akaipiga mpaka ikawa unga, na akaendelea kuupiga unga.

Mama aliushika mkono wenye nyundo.

"Uliwaonyesha," alimwambia. "Nimekusikia. Uliwaonyesha, wao ndio hawakutazama."

* * *

Bendera alikuta maji ya kunawa yameshawekwa uani. Mke wake alishika kopo, akaanza kummiminia mikononi kama siku zote, ila leo polepole.

"Shemeji alikuwa amelewa?"

"Tumeshazika."

"Sijakuuliza kaburi, nimekuuliza pombe."

Bendera akajipaka sabuni. "Umeanza maneno ya watu."

"Watu wamenyamaza wote. Aliyeniambia hana maneno."

Sabuni ikamponyoka. Aliitafuta ndani ya beseni, na ilikuwa imemkaa mbele ya macho.

"Malori yalikuwa yamepanga foleni," alisema hatimaye. "Dogo kaingia kung'oa jiwe, nimeweka mikono juu, mashine imezimwa. Nyapara akaja. Akaniambia, shusha, ametoka huyo."

"Ukaangalia?"

"Mkubwa kasema ametoka."

"Nimekuuliza, ukaangalia?"

"Ningeangaliaje na mkubwa kasema?"

"Kwa macho."

Uani palikuwa na watoto wawili wakigombania tairi. Mama aliwatazama mpaka wakaondoka.

"Mwanao aliangalia," alisema. "Kasimama pale na chakula chako, kaweka mikono kama alivyofundishwa na baba yake mdogo. Mnasema kila aliyeko kazini aijue ishara hiyo. Yeye anaijua. Ila hakuna aliyetazama chini, kwenye kimo chake."

"Nilimwona." Bendera alisema kwa sauti ndogo. "Nilipogeuka nilimwona. Nilikuwa nimeshashusha."

"Na ukamwambia shh."

"Ulitaka nimwambie nini? Aende akapige kelele, tulale wapi? Chumba cha kampuni, kazi ya kampuni. Nyapara kasema, Bendera, funika kombe mwanaharamu apite, sema dogo alikuwa na chupa, mambo yataisha. Mdomo uliponza kichwa, mke wangu, hujui?"

"Kichwa cha nani kilichopona hapo? Mama yako kamzika mwanawe huku anaona aibu, anadhani kazaa mlevi. Mtoto ulimwambia anyamaze, akanyamaza. Akinyamaza unampiga aseme. Akisema kwa mikono, unaipiga mikono. Hebu nipangie, afanye lipi ili apone humu ndani?"

Bendera akaitoa sabuni ndani ya beseni, akaiweka ukingoni.

"Nilidhani wamekuita Bendera kwa sababu ya kazi," mama alisema akimwaga maji yaliyobaki chini. "Kumbe ni kwa sababu ya upepo."

* * *

Ijumaa kamati ilikaa darasani, viti vimezungushwa nusu duara. Wazazi walioitwa walisimama, kwa kuwa viti vilikuwa vya kamati. Mwalimu wa darasa alikaa pembeni akitazama viatu vyake. Walikuwapo mwenye duka, dereva wa lori la kokoto, wazee wawili waliostaafu machimboni, na Nyapara katikati, kofia yake ya njano juu ya goti, tabasamu lake mahali pake. Alikuwa mtu wa tabasamu. Aliwafukuza watu kazi akitabasamu, na akahudhuria mazishi akitabasamu kidogo kwa heshima.

"Bendera wangu," alisema. "Shemeji, habari za nyumbani. Na huyu ndiye bibi mkimya? Njoo mwanangu, mimi ni babu yako. Neno dogo tu tunataka. Nipo. Hata mbuzi ukimfunga hapa siku mbili atalisema."

Mwenye duka akacheka kwa sababu Nyapara alikuwa mteja.

Chiriku alisogea mbele. Aliitazama kofia ya njano pale gotini. Akainua mikono, akaipishanisha juu ya kichwa.

"Mnaona," mwalimu mkuu alisema. "Ndicho nilichowaambia."

Dereva wa lori, aliyekuwa anatafuna kijiti, aliacha kutafuna. Wazee wawili walikaza migongo. Mmoja alishika ukingo wa kiti kana kwamba kitaondoka. Hakuna mtu wa machimbo ndani ya chumba kile ambaye hakusoma alichoambiwa. Na hakuna aliyesema.

"Mtoto ana homa ya kichwa," Nyapara alisema. Tabasamu halikuondoka, lilikauka tu. "Bendera, mshushe mikono mwanao."

Mikono ya Bendera iliondoka mapajani. Ilikuwa mikono iliyokwisha zoea. Ikiambiwa shusha, hushusha. Ilifika mpaka kwenye viwiko vya mtoto, ikavigusa. Mama alikuwa akimtazama yeye tu.

"Simshushi," Bendera alisema.

"Eti?"

"Simshushi. Hana homa. Mwalimu, huyu hakufanyii jeuri. Anasimamisha krasha. Ulimchapa viganja kwa kusimamisha krasha." Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, ya mtu aliyezoea kusema kwa mabega. "Mdogo wangu alikuwa ndani. Bwana Nyapara uliniambia ametoka, nikashusha sijaangalia. Hakuwa amelewa. Hajawahi kulewa. Mimi ndiye niliyesema alilewa, nikalipwa kwa kuachiwa chumba. Huyu mtoto aliona, nikamziba. Basi. Sasa mkateni jina."

"Hiki ni kikao cha shule," Nyapara alisema. "Mambo ya kazi yana ofisi yake."

"Ofisi hiyo ni wewe."

Dereva wa lori alitoa kijiti mdomoni.

"Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ile," alisema bila kumtazama mtu. "Mguu wake niliuona. Ulikuwa bado ndani." Akakivunja kijiti. "Nilipakia mzigo mwingine nikaondoka. Mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua."

Wakangojewa wengine waseme. Wazee wale wawili walikuwa na ndimi nzima. Mwenye duka alikuwa na ulimi unaojua bei ya kila kitu. Mwalimu wa darasa alifundisha watoto kusoma kwa sauti. Ungewaita majina mmoja mmoja hapo usingepata wa kuitika. Nyapara aliinuka, akavaa kofia yake.

"Vyumba vya kambi ni vya wafanyakazi," alisema kwa upole mkubwa. "Nadhani tunaelewana."

Mwalimu mkuu aliuliza kama jina la mtoto likatwe au libaki. Hakuna aliyemjibu, akabaki na kalamu hewani.

"Jumatatu atakuja," mama alimwambia. "Atakaa palepale. Muandike mnavyojua."

* * *

Asubuhi mlinzi wa kambi alitoa vitu vyao nje: kitanda, beseni, sufuria, mfuko wa nguo. Alivitoa kwa uangalifu, maana waliwahi kula pamoja, na uangalifu wake ulikuwa unaudhi kuliko angevirusha. Kutoka machimboni krasha ilikuwa inanguruma. Juu ya jukwaa keshapandishwa mwingine. Dereva wa lori alikuwa amewaahidi kuwabeba hadi kwa mama yake Bendera, kijiji cha jirani. Bendera alikuwa amemwambia mke wake kwamba kabla ya kushusha kitanda, atamwambia mama yake alichokizika pamoja na mdogo wake.

Godoro lilikuwa limefungwa kwa kamba. Bendera akaketi juu yake, akamwita mtoto. Chiriku akaja, akasimama mbele yake, nyuso zao zikawa kimo kimoja.

"Uliona," baba yake alimwambia. "Ulichokiona ndicho kilichokuwa. Wewe ulifanya sawasawa. Niliyeshusha ni mimi. Niliyekunyamazisha ni mimi. Niliyekupiga ni mimi."

Mtoto akamtazama. Kisha akakunja ngumi, akampiga kifuani. Akasubiri. Kofi halikuja. Akampiga tena, kwa ngumi zote mbili, kifuani, mabegani, shingoni, na kooni mwa mtoto mkatoka sauti ambayo haikuwa neno wala kilio, sauti nene, ya kitu kinachong'olewa. Bendera hakujikinga. Viganja vyake vilikaa juu ya magoti.

Mama Jirani akatoka mbio na upawa mkononi. "Jamani mshikeni. Mtoto hampigi mzazi, hiyo ni laana."

Mlinzi akapiga hatua kuja kumtoa. Mama aliweka sufuria chini, akasimama katikati ya njia.

"Mwacheni," alisema. "Anaongea. Mwacheni amalize."